Rangi ya Watoto wa Maundu

Kithyoko,
3 Mei 1999

Kwa Dada Sahra, mwenye duka la vipodozi, Machakos mjini.

Salamu nyingi. Hunijui nami sikujui, lakini nimeambiwa kwamba mwanamke akitaka rangi ya uso hapo Machakos, akifika kwako hana haja ya kuuliza duka lingine.

Mimi ni Munyiva. Naishi hapa Kithyoko na mama yangu, nasuka viondo. Sijawahi kupaka kitu usoni zaidi ya mafuta ya kawaida, kwa hiyo nikiuliza kijinga, nicheke ukiwa peke yako.

Nataka faundesheni, na nataka nyeusi. Sitaki ya maji ya kunde wala ya chokoleti. Nataka ya mtu mweusi kabisa, mweusi wa huku kwetu aliyelima kwenye jua la saa nane tangu utoto. Mwezi wa nane tuna arusi ya binamu yangu na nimechaguliwa kusimama mbele.

Kondakta wa basi la asubuhi ni mtu wa kanisa letu, atanichukulia mzigo bila taabu. Usiniulize mengi, tafadhali. Niambie tu kama unayo au huna.

Wako,
Munyiva Maundu


Machakos,
13 Mei 1999

Dada Munyiva,

Barua yako nimeipata, na nimecheka nikiwa peke yangu kama ulivyoagiza.

Ninayo. Lakini sikuuzii hivyo. Miaka kumi na mmoja nimesimama nyuma ya kaunta hii na sijawahi kumpa mtu chupa kwa sababu tu ameitaja. Mwalimu mkuu, mke wa diwani, mwimbaji wa kwaya, wote wanaingia hapa na rangi waliyoiota, na mimi nawarudisha kwenye rangi waliyozaliwa nayo. Wengine hununa. Wakirudi nyumbani waume zao wakiwaambia wamependeza bila kujua kwa nini, hurudi na marafiki.

Faundesheni si rangi ya nyumba, dada. Nyumba unaipaka ili watu waione rangi. Uso unaupaka ili watu wasione kitu. Nzuri ni ile inayopotea.

Sasa sikiliza. Simama mlangoni saa sita mchana, usiwe ndani wala chini ya taa. Shika kioo. Usiangalie paji la uso, limekula jua. Usiangalie mkono, mkono ni mfanyakazi, una rangi ya kazi yake. Angalia taya, pale uso unapokutana na shingo. Hapo ndipo rangi yako inapoishi. Halafu weka karatasi nyeupe kando ya shavu uitafute rangi ya chini, ile inayochungulia kutoka ndani ya ngozi. Kuna wenye wekundu wa udongo, kuna wenye manjano ya mahindi makavu, kuna wenye ubluu wa mkaa. Wanawake wawili walio weusi sawasawa wanaweza kutumia chupa mbili tofauti, na ukimpa mmoja chupa ya mwenzake atatoka na uso wa majivu kama aliyekuwa akipuliza jiko.

Niambie yako ikoje. Na usiniandikie maji ya kunde, kwa maana Kenya hii kila mtu ni maji ya kunde.

Sahra Samatar


Kithyoko,
24 Mei 1999

Dada Sahra,

Nimesimama mlangoni siku mbili na kioo mpaka jirani akauliza kama naota ndevu. Rangi nimeiona. Kuiandika ndiyo nimeshindwa.

Lakini rangi ndiyo kazi yangu. Nachemsha magome, natia nyuzi za mkonge, natoa na kuangalia, narudisha. Jumamosi mimi na dadangu Mukai tumechemsha sufuria nne. Tumelinganisha nyuzi zikiwa kavu, maana uzi ukiwa umelowa hudanganya. Nimekuwekea nyuzi mbili ndani ya bahasha. Wenye fundo moja ni taya langu mimi. Wenye mafundo mawili ndiyo rangi ninayoitaka. Hilo ni taya la Mukai, aliyekaa mlangoni nusu saa akilalamika kwamba maharagwe yake yanaungua, na kweli yaliungua.

Natumaini sasa utaniuzia.

Munyiva Maundu


Machakos,
2 Juni 1999

Dada Munyiva,

Sijawahi kuona kitu kama hiki. Nimezitandaza nyuzi zako kwenye kaunta na wateja wawili wameniuliza kama nimeanza kuuza viondo. Wenye viwanda vya vipodozi wangekuajiri kesho.

Uzi wa fundo moja ni kahawia nyepesi, chini yake manjano. Hiyo ni namba mbili. Ninayo, na hata mimi ndiyo ninayotumia. Ungekuja hapa ningekupaka mstari mmoja na ungeondoka bila mtu kujua umepakwa.

Uzi wa mafundo mawili ni namba saba, chini yake wekundu. Kutoka mbili hadi saba si kujipamba tena, dada, ni kujificha. Wote wanaoingia hapa wanataka kupanda ngazi kwenda kwenye weupe. Wewe ndiye wa kwanza kuniomba ngazi ya kushuka. Nani anakufukuza? Na arusi gani hiyo inayomtaka msimamizi aje na sura ya dada yake?

Nimekupenda kwa hizi nyuzi, kwa hiyo nitasema wazi. Niambie ukweli, au tuachane kwa amani.

Sahra Samatar


Kithyoko,
12 Juni 1999

Dada Sahra,

Hakuna arusi. Nisamehe.

Baba yangu alikuwa Maundu, mzaliwa wa Ndithini. Alikufa Agosti mwaka jana. Mimi ni kifungua mimba wake, nilizaliwa mwaka wa sabini, na nyumba nzima mimi ndiye mweupe peke yangu. Baba alikuwa mweusi, Mama ni mweusi, Mukai na kaka zangu wawili ni weusi. Tangu shule ya msingi naitwa Msomali. Usikasirike, nimekua nikiitika kama ni jina langu. Baba akisikia mtu ananiita hivyo alikuwa akitoka na fimbo.

Siku tulipomzika, Padre aliita watoto wa marehemu waje kutia udongo. Nilisimama mbele ya mstari kwa sababu mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa. Baba mdogo Masila, ndugu ya Baba, akanyoosha mkono mbele ya kifua changu. Hakunisukuma. Alisema polepole tu, "Wewe ngojea majirani." Nikatia udongo na majirani, Dada Sahra. Nilisimama kati ya mwenye kinu cha posho na mwalimu wa kwaya, nikamtupia baba yangu udongo kama mtu aliyepita njia.

Tarehe 28 Agosti ni kumbukumbu ya mwaka. Tutaweka msalaba, kisha wazee wa ukoo watakaa wawataje watoto wa Maundu, chifu aandike barua ya kupeleka kortini kwa sababu ya shamba. Wazee wengine wanatoka mbali, hawajawahi kuniona. Baba mdogo amewaambia, "Msisikize maneno. Hawa watoto mtawapanga mstari moja, muangalie na macho yenu." Shamba wachukue. Mimi nataka jina langu liwe kwenye karatasi hiyo. Nataka kusimama na ndugu zangu mchana mmoja tu bila mtu kunikodolea macho.

Uliuliza moyoni, bila shaka, nani alinipa anwani yako. Ni Mama, jina lake Mbithe. Kabla ya kuolewa alikuwa akipika chai karibu na soko la mbuzi hapa. Aliposikia natafuta rangi alisema, "Andikia msichana ya Samatar, ako na duka huko Machakos. Huyo atajua rangi yako." Sijui alimjulia wapi baba yako.

Nimesema yote. Sasa nisaidie.

Munyiva


Machakos,
19 Juni 1999

Kwa ndugu yangu Dayib, Garissa.

Assalaam aleikum. Nakuandikia Kiswahili kwa makusudi. Najua wanao humsomea Mama kila barua ya Kisomali kabla hujavua viatu. Hii isome peke yako.

Unaikumbuka hadithi ya Baba ya mwaka alioshikwa na malaria Kithyoko akifuata mbuzi, akalala miezi miwili kwa mwanamke wa chai? Ulikuwa mwaka wa sitini na tisa. Mimi nilikuwa na miaka saba na wewe ulikuwa unanyonya. Basi kuna msichana ananiandikia, anaitwa Munyiva, amezaliwa sabini. Mwanamke wa chai ndiye mama yake, na ndiye aliyemtuma kwangu. Msichana mwenyewe hajui lolote. Anataka nimfanye mweusi ili ukoo wa baba yake umkubali.

Rangi peke yake si ushahidi. Nimewauzia Wakamba walio weupe kuliko mimi. Lakini jana wakati wa chai nilitaja jina la Mbithe mbele ya Baba, nikijifanya nazungumzia mteja. Alishusha kikombe. Akauliza, "Bado ako hai?" Kisha akaniambia nisimuulize maswali. Sikuwa nimemuuliza swali, Dayib.

Msichana alinitumia uzi alioutia rangi ya taya lake. Niliuweka kwenye taya langu mbele ya kioo, mlangoni. Sikuuona.

Niambie nifanye nini. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, na nimeanza kumpenda.

Dada yako,
Sahra


Garissa,
28 Juni 1999

Dada Sahra,

Nimesoma, na barua nimeitia motoni. Nawe fanya hivyo na hii.

Mama ana presha. Daktari amesema asishtuliwe. Unataka nimwambie nini, kwamba alipokuwa akininyonyesha huku peke yake, mumewe alikuwa akitibiwa hivyo?

Msichana ana baba, na baba yake ni Maundu. Waswahili wamesema kitanda hakizai haramu, na kitanda ni cha Maundu. Wewe unauza rangi, muuzie. Akitaka kuwa mweusi, mfanye mweusi kama chungu. Wakimpokea huko hatapiga hodi huku. Wakimkataa, kesho atakuwa mlangoni kwako na mama yake, na Baba kwa uzee alionao atawafungulia.

Usimwandikie maneno ya mapenzi. Watu hutunza barua.

Dayib


Kithyoko,
6 Julai 1999

Dada Sahra,

Wiki tatu sijasikia neno lako. Kila asubuhi nasimama barabarani na kondakta ananitikisia kichwa kabla hata basi halijasimama. Kama nimekuudhi kwa lile jina la Msomali, naomba radhi tena, silitumii mimi, mimi ndiye ninayetupiwa.

Agosti inakaribia. Sina mtu mwingine wa kumwuliza.

Munyiva


Machakos,
15 Julai 1999

Bi. Munyiva,

Nimepata barua zako mbili. Nilikuwa na kazi nyingi.

Kondakta atakupa chupa mbili, poda na sponji. Namba saba peke yake ingekuletea uso wa majivu, kwa sababu chini ya ngozi yako kuna manjano na chini ya ngozi ya dada yako kuna wekundu. Nimeichanganya mwenyewe na nyekundu, tone kwa tone, nikailinganisha na uzi wa mafundo mawili mlangoni siku tatu mpaka uzi ukapotea ndani yake.

Osha uso, usipake mafuta, jua la huko litayayeyusha na rangi itashuka nayo. Lowesha sponji kisha uikamue sana. Anza katikati ya uso ukienda nje. Paka mara mbili nyembamba, usipake mara moja nzito, na katikati ngoja ikauke. Usisahau masikio, chini ya kidevu na nyuma ya shingo, hapo ndipo watu hukamatwa. Vaa nguo ya mikono mirefu, na mikono yenyewe ipake mpaka juu ya kifundo, pamoja na vidole. Poda ibonyeze, usiisugue. Ukimaliza toka mlangoni, umwite dada yako akuangalie. Baada ya hapo usijiguse, na usilie.

Sitaki malipo. Naomba wakukubali, na hilo nalisema kwa moyo wangu wote. Huna haja ya kujibu.

Sahra Samatar


Kithyoko,
6 Septemba 1999

Sahra,

Ulisema nisijibu. Nitajibu.

Rangi yako ilikuwa nzuri. Mukai aliponiona mlangoni alilia, akasema, "Sasa tumefanana." Tuliweka msalaba, tukapigwa picha wanne pamoja, na hakuna aliyegeuka kunitazama mara mbili. Wazee wakatupanga mstari kama Baba mdogo alivyotaka. Mzee mmoja wa Ndithini, mkono wake mmoja umepooza, alipita mbele yetu polepole, akamwambia, "Masila, sasa wewe ulikuwa unatuambia nini? Huyu si ni uso ya Maundu kabisa?" Nimengoja maneno hayo miaka ishirini na tisa, na niliyasikia nikiwa nimevaa uso wa mwingine. Hata hivyo nilifurahi. Nisikudanganye, nilifurahi sana.

Majina yalikuwa yatajwe baada ya chakula. Basi yule mzee, kwa wema wake, akasema, "Huyu kifungua mimba ndiye atatunawisha." Kwetu binti wa kwanza ndiye anayewanawisha wageni wa baba yake. Tangu Baba afe hakuna aliyeniita kufanya kazi hiyo, Baba mdogo alikuwa akimpa Mukai jagi. Nilisahau kila kitu. Nilichukua jagi na beseni, nikapiga magoti mbele ya mzee. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Sabuni ikamteleza, na kwa mkono mmoja hakuweza kuishika, akaniomba nimsaidie. Nikaweka jagi chini na kutia mikono yangu yote miwili ndani ya beseni, nikamwosha.

Maji yakawa kama chai. Mzee alitazama maji, akatazama vidole vyangu. Nadhani angenyamaza mpaka mwisho. Baba mdogo Masila ndiye aliyelinyanyua beseni, akalipitisha kwa wazee mmoja mmoja. "Muangalie. Hata uso ameiba."

Nilisimama na mikono ikidondoka maji, nikamwambia, "Mimi naitwa Munyiva. Hilo ni jina ya mama yako, Masila. Kwa desturi unafaa kuniita mama. Nani alinipa hilo jina kama si Maundu?" Akanijibu, "Jina hata mbuzi hupewa." Watu walicheka. Mama alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu, akiangalia chini.

Barua ya chifu ina majina matatu ya watoto. Langu halimo.

Wiki iliyofuata Mama alinieleza. Alikuwa akichambua maharagwe na hakuinua macho. Alilitaja jina la baba yako. Alisema alinituma kwako ili damu inione, kwa sababu yeye mwenyewe hana mdomo wa kusema. Na Maundu alijua. Mama alimwambia kabla hajamwoa, naye akamjibu, "Ndama akizaliwa katika boma yangu ni wangu," na hakulirudia neno hilo mpaka anakufa.

Sasa wewe. Uzi wangu ulikuwa mkononi mwako. Ulijua, au hukujua? Na nyumbani kwenu nani huwanawisha wageni, si binti kama wewe? Hukufikiri kwamba mikono itaingia majini? Au uliniambia niipake ili nianguke mbele yao?

Munyiva


Machakos,
16 Septemba 1999

Munyiva,

Nilijua. Nilijua tangu barua uliyoandika jina la mama yako, na ule uzi ukamalizia. Nilimwandikia ndugu yangu kabla ya kukujibu wewe. Ndiyo sababu nilikaa kimya, kisha nikakuita Bibi kama mtu wa benki.

Lakini sikukutega. Ningetaka uanguke ningekupa ya mafuta, ingekushukia kwenye kola kabla Padre hajamaliza sala. Hilo la mikono ni upumbavu wangu. Mimi ndiye ninayewanawisha wageni wa Baba kila Ijumaa, na sikukumbuka. Nilifikiria watakaokutazama tu. Sikufikiria kwamba mtoto akikubaliwa nyumbani hupewa kazi.

Ukweli ni mbaya kuliko unavyodhani. Katika maisha yangu sijachanganya chupa kwa bidii vile. Siku tatu nilifunga duka saa sita nikakaa mlangoni na uzi wako. Nilitaka rangi ikushike isitoke. Nilitaka uwe wao kabisa ili usije ukawa wetu. Mama yangu ni mgonjwa, ndugu yangu ana kiburi, na mimi ni mwoga ninayeuza chini ya bango lenye jina la baba yangu. Hizo ndizo sababu zangu. Nimezitafutia ukubwa nimekosa.

Juzi nilimwambia Baba kilichokupata. Nilimweleza yote, beseni na maji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaomba maji ya kutawadha, akaenda kuswali. Aliporudi alizungumza habari za mbuzi.

Siwezi kukuita nyumbani. Lakini njoo dukani. Njoo siku ya Ijumaa saa saba, Baba anapokuwa msikitini na soko limetulia. Ingia kama mteja. Nitakupima mlangoni nikupe rangi yako halisi, yako mwenyewe, na angalau tutakuwa tumeonana. Hiki kidogo ndicho nilicho nacho. Naona aibu kukiandika.

Sahra


Kithyoko,
4 Oktoba 1999

Sahra,

Sikuja Ijumaa. Nilikuja juzi, Jumamosi, kwa sababu uliniambia siku ambayo baba yako hayupo.

Nilisimama nyuma ya mwanamke aliyekuwa akichagua sabuni za watoto. Uso wangu ulikuwa mtupu, nimenawa tu. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, tasbihi mkononi, miguu ameiweka juani. Sikutaka kumtazama na nilimtazama. Ana macho mazuri. Nilikuwa nimeomba awe na sura mbaya.

Nilikuambia nataka faundesheni na sijui rangi yangu. Ulinishika bega ukanipeleka kwenye mwanga bila kunitazama, kama unavyowafanyia wote, ukanigeuza kidevu, ukapaka mstari mmoja kwenye taya langu. Mstari ukapotea. Ndipo uliponitazama. Mkono wako ulibaki shingoni mwangu. Nilifikiri, sasa atasema. Nilikupa muda. Yule mwanamke alimaliza kuchagua sabuni zake, na wewe ulisema, "Hii imekukaa vizuri, dada," kwa sauti ile mnayowapa wateja, ukaanza kufunga kifuniko.

Mzee alikuwa akitutazama. Alinitazama mimi, akakutazama wewe, akarudi kwangu. Tasbihi ilikuwa imesimama. Aliniuliza kwa Kikamba, Kikamba kizuri cha huku kwetu, natoka wapi. Nikamwambia Kithyoko. Kisha akauliza, kwa upole ambao sitausahau, mimi ni binti wa nani.

Ulikuwa umesimama kati yetu na chupa mkononi. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya swali hilo, Sahra. Njia nzima nilikuwa nimelitungia jibu, na lilikuwa jibu la kumwaibisha mbele ya wateja wake, mbele ya bango lake na mbele yako. Nilifungua kinywa nalo. Nikamwona Maundu akiwa kijana, amesimama mbele ya mama yangu na tumbo lake, anachagua. Hakuulizwa na mtu. Hakutafuta siku ambayo watu hawapo.

Nikamwambia, "Mimi ni wa Maundu."

Ukoo wake umenifuta na chifu ameandika, kwa hiyo ulikuwa uongo kwenye karatasi zote. Baba yako alinitazama kidogo zaidi. Kisha akasema, "Basi uko na kwenu," na mabega yake yakashuka. Nilikugeukia. Yako pia yalikuwa yameshuka.

Mlifurahi, Sahra. Nilisimama hapo na rangi yenu kwenye taya langu, nikawaona wote wawili mkifurahi.

Munyiva wa Maundu